Kupima Programu kwa Namba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi na mafundi wa programu wa Tanga, Muheza na Pangani huuliza wanapokutana kwa mara ya kwanza na uchambuzi wa kiidadi wa programu na mifumo. Majibu mengi yanatumia mfano mmoja: kifaa cha kupimia kina cha maji mdomoni mwa Mto Pangani, ambacho kila baada ya dakika 10 hutuma kipimo chake Tanga mjini kwa mtandao wa simu. Kifaa hicho ni cha kubuni, na namba zake zimechaguliwa ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi, lakini njia za hesabu ni zilezile zinazotumika katika mifumo halisi.

Uchambuzi wa kiidadi wa programu ni nini hasa?

Uchambuzi wa kawaida wa usahihi huuliza maswali yanayojibiwa kwa ndiyo au hapana: je, programu itafika mwisho, je, orodha itatoka ikiwa imepangwa, je, inaweza kutokea siku abiria wawili wakauziwa kiti kimoja cha basi? Uchambuzi wa kiidadi huuliza maswali ambayo jibu lake ni namba: kazi itachukua muda gani, itakula kumbukumbu na umeme kiasi gani, itashindwa mara ngapi katika majaribio milioni moja, na mtu anayeichungulia kutoka nje atapata siri kiasi gani. Maswali ya namna zote mbili yanahusu programu ileile, na kwa kawaida haya ya pili hujengwa juu ya yale ya kwanza, kwa kuwa hakuna faida ya kujua kasi ya programu inayotoa majibu ya uongo.

Hesabu zenyewe ni za zamani kuliko kompyuta. Andrei Markov wa Urusi alianza kuandika kuhusu minyororo yake mwaka 1906, Agner Krarup Erlang wa Copenhagen alichapisha kazi yake ya kwanza juu ya simu na foleni mwaka 1909, na Claude Shannon wa Marekani akaipa taarifa kipimo chake mwaka 1948. Kilichokuja baadaye ni kuziunganisha hesabu hizo na maana ya programu yenyewe, mstari kwa mstari.

Kama programu imethibitishwa kuwa sahihi, namba za nini tena?

Tarehe 25 Februari 1991, mfumo wa Patriot wa kutungua makombora uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kulizuia kombora lililokuwa likija, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Saa ya mfumo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na ili kupata sekunde kamili programu ilizidisha hesabu hiyo kwa moja ya kumi. Moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa tarakimu za 0 na 1, kwa hiyo katika nafasi ya biti 24, yaani tarakimu 24 za namna hiyo, mkia wake ulikatwa. Kilichokatwa hakifiki hata sehemu moja ya milioni kumi, lakini mfumo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo, na kosa likawa limefika karibu theluthi moja ya sekunde. Katika muda huo kombora la aina ile husafiri zaidi ya nusu kilomita, na mfumo ukawa unalitafuta mahali ambapo halipo.

Ukiisoma programu ile kwa kuuliza kama inabadilisha muda kuwa sekunde, jibu ni ndiyo. Swali ambalo lingefichua hatari ni la kiasi: kosa linakua kwa kasi gani, na baada ya saa ngapi linavuka kiwango kinachovumilika?

Je, namba zote zina uzito sawa?

Hazina, na hili ndilo swali ambalo ningependa kila mwanafunzi aliulize mapema, kwa sababu ugomvi mwingi kuhusu kasi na usalama wa programu ni wa watu wanaotaja namba za aina tofauti bila kujua. Ziko namba za kikomo, zinazosema kwamba jambo halitazidi kiasi fulani hata mambo yaharibike namna gani. Ziko namba za wastani, zinazosema tutarajie nini iwapo data au bahati vinafuata mgawanyo fulani, yaani orodha ya matokeo na uwezekano wa kila moja. Ziko namba za uwezekano, na ziko namba za makadirio, ambazo zimetokana na kupima mara kadhaa na kwa hiyo zina shaka yake inayopaswa kutajwa pamoja nazo.

Chukua algoritimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua, ya kupanga orodha iliyobuniwa na Tony Hoare mwanzoni mwa miaka ya 1960, ile inayochagua kipengele kimoja na kuwagawa wengine kuwa wadogo na wakubwa. Kwa majina milioni moja yaliyochanganywa vizuri, wastani wake ni ulinganisho karibu milioni 25. Kikomo chake cha juu ni karibu bilioni 500, yaani mara 20,000 zaidi, na kikomo hicho si hadithi ya vitabuni: ukiiandika algoritimu hiyo ichague kipengele cha kwanza kila mara, kisha ukaipa orodha ya majina ambayo karani amekwisha kuipanga kwa alfabeti, utakipata. Ukichagua kipengele kwa bahati nasibu, kikomo hubaki palepale, lakini hakuna tena orodha mbaya inayoweza kuandaliwa mapema, kwa kuwa bahati imehamishwa kutoka kwenye data ikaingizwa ndani ya programu.

Mfano wa upande wa uwezekano ni kipimo cha Miller na Rabin cha kutambua namba tasa. Namba isiyo tasa inaweza kupenya raundi moja ya kipimo hicho kwa uwezekano usiozidi robo moja, bila kujali ni namba gani. Ukifanya raundi 20 ambazo hazitegemeani, uwezekano wa kudanganywa unashuka chini ya moja kwa trilioni. Hapa tuna uwezekano na kikomo kwa pamoja, na ndiyo maana watu hukubali kutumia kipimo hicho katika kulinda siri zao ingawa hakitoi uthibitisho kamili.

Kwa nini nisipime tu muda wa programu kwa saa?

Pima, lakini ujue saa inakwambia nini. Ukiiendesha programu mara elfu moja na mara iliyochelewa zaidi ikawa ya milisekunde 80, umejifunza kwamba muda wa juu kabisa haupungui milisekunde 80. Hujajifunza kwamba hauzidi. Prosesa za leo zina kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu nazo, na kipande kilekile cha msimbo kinaweza kwenda haraka sana pale data ilipo ndani ya kache na kuburura pale inapobidi kuifuata kwenye kumbukumbu kuu. Mpangilio mbaya kuliko yote unaweza usitokee hata mara moja katika majaribio yako.

Uchambuzi wa msimbo wenyewe hufika kutoka upande wa pili. Unahesabu kila njia ambayo programu inaweza kupita, na pale usipokuwa na uhakika unadhania mabaya, hivyo namba inayotoka haipungui ukweli. Njia ya kudhania mabaya kwa utaratibu, ili jibu libaki salama hata likiwa pana kidogo, iliwekewa msingi na Patrick Cousot na Radhia Cousot wa Ufaransa mwaka 1977. Ni lazima kudhania, kwa kuwa Alan Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua kwa kila programu kama itasimama au haitasimama, na kama huwezi kujua iwapo itasimama, huwezi kujua itasimama lini. Ndiyo sababu wanaoandika programu za breki na za ndege hulazimika kuweka ukomo unaojulikana kwenye kila kitanzi, yaani kila sehemu ya programu inayojirudia.

Tuangalie tambuka reli yenye kizuizi cha kujishusha chenyewe. Treni inakuja kwa kasi isiyozidi kilomita 45 kwa saa, yaani mita 12.5 kwa sekunde, na kihisi kimewekwa mita 500 kabla ya barabara, kwa hiyo zipo sekunde 40. Programu hukiangalia kihisi kila baada ya sekunde 5, ujumbe huchukua hadi sekunde 2 kufika, na kizuizi hushuka kwa sekunde 12. Jumla ya mabaya yote ni sekunde 19, na mfumo uko salama. Sasa tuseme sekunde 2 za ujumbe zilikuwa wastani tu, na siku yenye msongamano ujumbe huchukua sekunde 30: jumla inakuwa 47, na treni imekwisha kupita barabara kabla kizuizi hakijatua. Hakuna kilichobadilika ila aina ya namba. Kwa mifumo ya namna hii Rajeev Alur na David Dill walibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990 otomata zenye saa ndani yake, yaani modeli za hali na mipito kati ya hali hizo, ambazo kompyuta inaweza kuzikagua zote bila kuruka hali yoyote.

Mnyororo wa Markov unasaidia nini katika programu?

Unasaidia kueleza jambo linalobadilika kwa bahati lakini lenye kukumbuka hali iliyopo sasa. Turudi Pangani. Mtandao wa simu pale kifaa kilipo uko katika moja ya hali mbili, nzuri au mbaya. Tuseme kila dakika, ukiwa katika hali nzuri, una uwezekano wa 0.1 wa kuharibika, na ukiwa katika hali mbaya, una uwezekano wa 0.4 wa kutengemaa. Mnyororo wa Markov ni hilo tu: orodha ya hali, na namba za mpito kati yake, ambazo kwa kila hali hujumlishwa kuwa 1.

Kutokana na namba hizo mbili tunapata mengi. Kwa muda mrefu mtandao huwa mzuri asilimia 80 ya wakati, kwa kuwa 0.4 ikigawanywa kwa jumla ya 0.4 na 0.1 inatoa 0.8. Kila unapoharibika, unabaki hivyo kwa wastani wa dakika 2.5. Hadi hapa hakuna cha ajabu.

Fundi anaandika programu inayojaribu kutuma kipimo mara tatu, jaribio moja kila dakika, kisha inakata tamaa. Akiulizwa ni mara ngapi kipimo kitapotea, anajibu kwa haraka kwamba mtandao ni mbaya asilimia 20 ya wakati, kwa hiyo kushindwa mara tatu mfululizo ni 0.2 mara 0.2 mara 0.2, yaani 0.008, vipimo 8 katika 1,000. Hesabu ya kuzidisha haina kosa. Kosa liko katika dhana kwamba majaribio hayategemeani. Jaribio la kwanza likishindwa, tunajua kwamba mtandao uko katika hali mbaya, na uwezekano wa kubaki hivyo dakika inayofuata ni 0.6, si 0.2. Jibu sahihi ni 0.2 mara 0.6 mara 0.6, nalo ni 0.072, vipimo 72 katika 1,000. Asilimia 80 ya fundi ilikuwa ya kweli kabisa, na bado jibu lake lilikuwa dogo mara tisa kuliko ukweli.

Namba za mpito zenyewe zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye kumbukumbu za mfumo uliopo, kwenye maelezo ya watengenezaji wa vifaa, au kwenye vipimo unavyofanya mwenyewe. Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa kazi hii, na hakuna programu ya uchambuzi inayoweza kukuokoa. Ukikusanya vipimo vya mtandao wakati wa kiangazi, kisha ukavitumia kuahidi jinsi kifaa kitakavyofanya kazi katika mvua za masika, umeahidi jambo ambalo hukulipima. Dawa moja ya kawaida ni kuacha kutumia namba moja na badala yake kutumia masafa, kwa mfano kuharibika kati ya 0.05 na 0.2, kisha kuuliza jibu baya kuliko yote ndani ya masafa hayo ni lipi. Jibu linakuwa pana zaidi na la kuaminika zaidi.

Inakuwaje programu inapokuwa na uamuzi wa kufanya?

Bahati hailingani na uamuzi, na modeli nzuri huvitenganisha. Kifaa chetu kikishindwa kutuma kinaweza kujaribu tena baada ya dakika moja, au kusubiri kwanza. Modeli yenye bahati pamoja na uamuzi huitwa mchakato wa maamuzi wa Markov, na hesabu zake za msingi zilitolewa na Richard Bellman katika miaka ya 1950. Swali halina tena jibu moja bali majibu mawili, yaani uwezekano mdogo kabisa na mkubwa kabisa, kulingana na maamuzi yatakayofanywa.

Kwa kifaa cha Pangani, ukianzia hali mbaya, uwezekano wa kuukuta mtandao mzuri ni 0.4 baada ya dakika moja, 0.6 baada ya mbili, na 0.7 baada ya tatu. Programu ikisubiri dakika tatu kati ya majaribio, kupoteza kipimo kunakuwa 0.2 mara 0.3 mara 0.3, yaani 0.018, robo ya hasara ya awali. Gharama yake ni kwamba kipimo kinaweza kuchelewa dakika sita badala ya mbili. Kwa maji yanayojaa na kupwa kwa saa kadhaa, hata siku za bamvua, dakika sita si kitu; kwa kizuizi cha reli zingekuwa maafa.

Programu inayotegemea bahati inaweza kusemwa kwamba itafika mwisho?

Inaweza, lakini kwa maana mbili ambazo hazifanani. Fikiria kitanzi kinachorusha shilingi hadi upande wa kichwa utokee. Kinadharia kuna mwendo mmoja usio na mwisho, ule wa mwenge daima, lakini uwezekano wake ni sifuri. Kwa hiyo tunasema kitanzi kinafika mwisho kwa uwezekano wa 1, na wastani wa mirusho ni miwili.

Sasa fikiria kigeu, yaani namba inayobadilika ndani ya programu, kinachoanza na 1, ambacho kila mrusho kinaongezwa moja au kupunguzwa moja kwa uwezekano sawa, na kitanzi kinasimama kikifika sifuri. Nacho kinafika mwisho kwa uwezekano wa 1. Wastani wa hatua zake, hata hivyo, hauna ukomo: miendo mirefu ni adimu, ila ni mirefu kiasi kwamba inauburuta wastani juu bila kikomo. Mwanafunzi aliyezoea kuamini kwamba jambo la hakika lazima liwe la muda maalumu hushtuka hapa, na ni vizuri ashtuke, kwa kuwa programu mbili zinazopata alama moja katika swali la ndiyo na hapana zimetengana kabisa katika swali la kiasi. Dexter Kozen alionyesha mwaka 1981 jinsi ya kuipa programu ya namna hii maana kamili ya kihesabu: badala ya kubadilisha hali moja kuwa nyingine, inabadilisha mgawanyo mzima wa uwezekano kuwa mgawanyo mwingine. Baadaye Annabelle McIver na Carroll Morgan waliendeleza njia ya kukokotoa wastani kwa kusoma programu kutoka mwisho kurudi mwanzo, kama Edsger Dijkstra alivyofanya kwa programu zisizo na bahati.

Mfumo wangu ni mkubwa. Nitawezaje kukagua hali zote?

Huenda usiweze. Kifaa kimoja chenye hali 10 ni kitu kidogo, lakini vifaa 10 vya namna hiyo vikifanya kazi pamoja vina hali bilioni 10, na kila kifaa kinachoongezwa kinazidisha tena kwa 10. Zipo njia za kupunguza mzigo, kwa mfano kuunganisha hali ambazo kwa mtazamaji wa nje hazina tofauti yoyote, na vifaa vinavyofanana hutoa nafasi kubwa ya kufanya hivyo.

Njia nyingine ni kuiga mfumo mara nyingi na kuhesabu. Ukitaka kukadiria uwezekano fulani kwa kosa lisilozidi 0.01, na uwe na uhakika wa asilimia 95, miigo 18,445 inatosha, na idadi hiyo haitegemei ukubwa wa mfumo hata kidogo. Ukitaka kosa lisizidi 0.001, idadi inapanda mara 100. Njia hii inapendeza mno hadi pale unapotafuta jambo adimu: kosa linalotokea mara moja katika milioni, katika miigo hiyo 18,445, una uwezekano wa karibu asilimia 98 wa kutoliona hata mara moja, na ripoti yako itasema sifuri.

Foleni zinahusiana vipi na programu?

Seva ni mtu anayehudumia foleni, na hesabu zake ni zilezile za wakala wa pesa pale Ngamiani. Tuseme wakala anahudumia wastani wa wateja 20 kwa saa, na wateja hufika bila mpangilio. Wakifika 15 kwa saa, kila mmoja hutumia wastani wa dakika 12 tangu afike hadi aondoke. Wakifika 18, dakika 30. Wakifika 19, saa nzima. Kanuni ni kugawa moja kwa tofauti ya kasi ya huduma na kasi ya kufika, ikiwa mafiko ni ya bahati tupu na muda wa huduma unafuata mgawanyo wa kipeo, ambamo huduma fupi ni nyingi na ndefu ni chache. Anayeitazama seva yake ikiwa na kazi asilimia 95 na kufurahi kwamba haikai bure, aitazame tena kwa macho ya mteja.

Taarifa ya siri inapimwaje?

Kwa biti; biti moja ni taarifa inayotolewa na jibu la swali la ndiyo au hapana ambalo majibu yake yote mawili yana uwezekano sawa. Namba ya siri yenye tarakimu nne, iliyochaguliwa kwa bahati tupu, ina uwezekano 10,000 na kwa hiyo hubeba biti 13.3 hivi, na tokeni ya LUKU yenye tarakimu 20 inaweza kubeba biti 66. Programu inayokagua namba ya siri lazima ivujishe kidogo, kwa kuwa hata jibu la kukataa linaondoa uwezekano mmoja. Swali la kiidadi ni: inavujisha kiasi gani zaidi ya kile kisichoepukika?

Tuseme programu inalinganisha tarakimu moja moja na kusimama pale inapokuta tofauti ya kwanza. Jibu linalotoka ni sahihi siku zote. Lakini anayepima muda kwa makini ataona kwamba kukataliwa kwenye tarakimu ya tatu kunachelewa kidogo kuliko kukataliwa kwenye ya kwanza, na kwa hiyo atazipata tarakimu moja baada ya nyingine kwa majaribio yasiyozidi 40, badala ya 10,000. Paul Kocher alionyesha mwaka 1996 kwamba mashambulizi ya namna hii yanafanya kazi dhidi ya mifumo halisi ya usimbaji, na mwaka 2018 dunia nzima ilisikia kuhusu Spectre na Meltdown, ambazo zilisoma siri kwa kupima athari zilizoachwa ndani ya kache. Tiba ya mfano wetu ni kulinganisha tarakimu zote nne kila mara kabla ya kujibu.

Je, kufunga akaunti baada ya makosa matatu kunatosha? Kwa namba za bahati tupu, mwizi anafaulu kwa uwezekano wa 0.0003. Mteja akiwa ametumia mwaka wake wa kuzaliwa, na mwizi akijua uko kati ya 1960 na 2009, miaka ni 50 tu na uwezekano unapanda hadi 0.06, mara 200 zaidi. Programu haikubadilika hata herufi.

Uchaguzi wa lugha ya programu una athari kwa umeme na betri?

Unayo, ingawa si mara zote pale unapoitafuta. Watafiti wa Ureno walichapisha mwaka 2017 ulinganisho wa lugha 27 kwa kazi zilezile. C ilitumia nishati kidogo kuliko zote, na Python ilitumia zaidi ya mara 70 ya hiyo. Kwa seva inayokokotoa mchana na usiku, hilo ni jambo zito.

Kwa kifaa chetu, redio ndiyo inayokula. Tuseme betri ina joule 36,000, kila jaribio la kutuma linakula joule 2, na kifaa kikilala kinakula joule 432 kwa siku. Kwa siku kuna vipimo 144, na tuseme sasa programu haikati tamaa mpaka ifaulu. Ikijaribu tena kila dakika, wastani ni majaribio 1.5 kwa kila kipimo, na betri inadumu karibu siku 42. Ikisubiri dakika tatu, wastani unashuka hadi karibu 1.29, na betri inakaribia siku 45. Siku hizo tatu zimepatikana kwa kubadilisha namba moja ndani ya programu. Kuiandika upya kwa C kusingezileta.

Kuna zana ninazoweza kutumia kwenye kompyuta ndogo ya kawaida?

Zipo. PRISM, iliyoanzia Birmingham na kuendelezwa Oxford chini ya Marta Kwiatkowska na wenzake, inakagua minyororo na michakato ya maamuzi ya Markov, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Storm ya Aachen inafanya kazi za namna hiyo hiyo. UPPAAL, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Uppsala na Aalborg, ni ya mifumo yenye saa kama ile ya tambuka reli. Mfano wa Pangani unaingia katika PRISM kwa mistari michache, na jibu hutoka papo hapo.

Nianze na zoezi gani?

Andika programu inayotoa namba kati ya 1 na 6 kwa uwezekano sawa, ikitumia kurusha shilingi peke yake. Njia ya kwanza itakayokujia ni kurusha mara tatu, kupata moja ya matokeo manane, na kurudia yakitokea mawili ya ziada. Wastani wake ni mirusho 4 kamili. Donald Knuth na Andrew Yao walionyesha mwaka 1976 kwamba inawezekana kwa wastani wa mirusho 11 kwa 3, yaani 3.67 hivi, na kwamba hakuna njia inayoshinda hapo. Itafute kabla ya kuisoma kwingine.

Ukiipata, tumia shilingi iliyopinda, inayotoa kichwa kwa uwezekano wa 0.6. John von Neumann alitoa njia ya kuisawazisha: rusha mara mbili, ukipata pande tofauti chukua ule wa kwanza, ukipata pande zinazofanana anza upya. Kila mrusho mmoja wa haki utakugharimu wastani wa mirusho 4.17 ya shilingi hiyo. Hakikisha namba hiyo kwa karatasi kwanza, kisha kwa PRISM, kisha kwa kuiga mara 18,445, na uandike kando ya kila jibu ni namba ya aina gani.